Seva Iliyopotewa na Tarehe: Kumbukumbu ya Kayanga, 2006

Mwaka 2006 ulitujia watu wa Kagera na mambo mawili mazito kwa pamoja. La kwanza lilikuwa umeme. Mkoa wetu haukuwa umeunganishwa na gridi ya Taifa. Umeme tuliotumia ulitoka Uganda, ukapita Masaka hadi Kyaka. Ziwa Victoria liliposhuka kina katika miaka ile ya ukame, mitambo ya Nalubaale na Kiira kule Jinja ikashindwa kuzalisha kama ilivyozoea. Uganda ikaingia kwenye mgawo, nasi tuliokuwa mwishoni mwa waya tukalala gizani. La pili lilikuwa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo ulikuwa umegunduliwa Uganda mwaka 2001, na sasa ulikuwa umevuka mpaka na kuonekana Muleba. Asiyekulia Karagwe hawezi kujua habari ile ilitutia hofu kiasi gani. Mgomba kwetu ni chakula cha mchana na cha usiku, ni rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mahari na ya msiba, ni kivuli cha kahawa, ni matandazo ya shamba. Migomba ikifa, nyumba haina pa kushika.

Mambo hayo mawili yalikutana katika chumba kimoja pale Kayanga, wilayani Karagwe, mbele ya seva iliyokataa kugawa anwani za mtandao. Nilikuwapo. Nilikuwa binti mzaliwa wa Nkwenda, nimemaliza kidato cha sita, nikikaa kaunta ya kituo cha kompyuta: kupokea wateja, kuandika muda wao, kukusanya fedha na kutoa risiti. Wakati huo Nkwenda, Kaisho, Isingiro na Murongo zote zilikuwa bado Wilaya ya Karagwe. Kyerwa haikuwa wilaya mpaka mwaka 2012. Mtu wa Murongo aliyetaka kutuma barua pepe alipanda gari alfajiri, akafika kwetu saa nne au saa tano, akarudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi.

Wenzangu wa siku zile wametawanyika, na fundi aliyetufundisha ametangulia mbele ya haki. Naandika habari hii kwa ajili ya vijana wanaotunza mitandao ya shule, zahanati na vyama vya ushirika katika wilaya zetu mbili leo, maana tatizo lile nimeliona likirudi kwa sura nyingine mara nyingi tangu wakati ule.

Kituo chetu kilikuwa na dishi juu ya paa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado haujafika Dar es Salaam. Ulifika Julai 2009. Kabla ya hapo, ujumbe wa Kayanga ulipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukashuka bara jingine, kisha jibu likarudi kwa njia ileile. Zaidi ya nusu sekunde ilipotea angani kwa kila swali na jibu lake. Mvua kubwa ikinyesha, mawasiliano yalikatika. Bei yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kituo kizima, na kompyuta zake zote, kilipewa anwani moja tu ya kutambulika duniani.

Anwani hiyo moja ilikaa kwenye seva. Seva ndiyo iliyopokea mtandao kutoka kwenye dishi kwa kadi moja, na kwa kadi ya pili ikaugawa kwa kompyuta za ndani kupitia swichi. Kompyuta za ndani zilitumia anwani zinazoanza na 192.168, ambazo ulimwengu wa intaneti ulizitenga rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani. Ndiyo maana ofisi ya Kayanga na ofisi ya Nairobi zinaweza kutumia namba ileile bila kugombana, kwa kuwa kila moja iko nyuma ya ukuta wake.

Fundi aliyetufundisha, ambaye sote tulimwita Tata kwa umri wake na kwa heshima, alitueleza ugawaji wa anwani kwa namna ambayo sijaisahau. Kompyuta ikiwashwa haina anwani, hivyo haijui imwulize nani. Inapaza sauti kwenye waya kwa wote: nani atanipa anwani? Seva ikisikia inajibu: ipo hii, ichukue. Kompyuta inasema: naam, naiomba hiyo. Seva inamaliza: umepewa, itumie mpaka saa fulani. Maneno manne, mawili ya huyu na mawili ya yule. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na kanuni zake zinazotumika mpaka leo zilichapishwa mwaka 1997, zikiandikwa na Mmarekani Ralph Droms.

Tata alikuwa akikazia neno la mwisho: mpaka saa fulani. Anwani haigawiwi moja kwa moja, hukodishwa. Muda ukiisha na mwenye nayo hajaomba tena, seva inairudisha kwenye akiba na kumpa mwingine. Bila hivyo, kompyuta iliyopita hapo siku moja ingeshika anwani milele. Sisi tulikuwa tumetenga anwani kuanzia namba 100 hadi 130 kwa ajili ya kukodisha, na muda wa ukodishaji ulikuwa siku saba. Seva iliandika kila mkataba kwenye faili: anwani ipi, imepewa kadi ipi, kuanzia lini hadi lini.

Katikati ya mwaka ule tulipata kazi mpya. Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya zililetwa kwetu ili zisafishwe, zitiwe programu, kisha zipelekwe shule za sekondari. Kundi la kwanza lilikuwa la shule za upande wa Kyerwa ya leo. Tuliziunganisha kwenye swichi zipate programu, zikakaa siku chache, zikapakiwa kwenye gari. Kundi la pili lilipaswa kubaki kwetu kwa muda, kwa sababu kulikuwa na semina ya mabwana shamba na mabibi shamba wa kata kuhusu mnyauko. Walitakiwa kuona picha: usaha wa njano unaotoka shina likikatwa, ndizi zinazoiva kabla ya wakati, na nyama ya ndani iliyogeuka kahawia. Walitakiwa pia kusoma jinsi Waganda walivyokuwa wakipambana nao: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma panga kwenye moto au kulisafisha kwa dawa ya klorini kila baada ya mgomba, na kung'oa mashina yaliyougua. Wakulima wetu walikuwa wakitumia panga moja kutoka shamba hadi shamba, na panga hilo lilibeba ugonjwa.

Kati ya kundi la kwanza na la pili, umeme ulikatika mchana mmoja na haukurudi haraka. Betri za akiba ziliisha, seva ikazima. Umeme uliporudi iliwaka yenyewe, kompyuta za zamani zikaingia mtandaoni bila shida, tukashukuru Mungu na kuendelea na kazi.

Kundi la pili lilipofika na kuchomekwa kwenye swichi, hakuna hata moja iliyofungua ukurasa. Kompyuta za zamani, kwenye meza ya jirani, zilikuwa zikifanya kazi vizuri kabisa. Hapo kila mtu akawa na hukumu yake. Mmoja alisema mtumba huo ni takataka, urudishwe. Mwingine alisema ni virusi. Wa tatu alisema mtoa huduma wa dishi ametupunguzia kipimo. Msimamizi wa semina alitaka kompyuta mpya zifunguliwe zote na kuwekewa upya kila kitu, wakati mabwana shamba walikuwa njiani, wengine kutoka Mabira na Kaisho.

Tata alikataa kufungua hata skrubu moja. Alimwambia msimamizi kwa upole: "Mheshimiwa, kabla hatujamtibu mgonjwa, tumuulize anaumwa wapi." Akaketi mbele ya kompyuta moja mpya, akaiuliza imepewa anwani gani. Ikajibu namba inayoanza na 192.168.1. Akasogea kwenye ya zamani, nayo ikajibu 192.168.10. Sisi tuliokuwa nyuma yake hatukuona tofauti kubwa. Yeye aliiona papo hapo. Seva yetu haikuwa na anwani za 192.168.1 za kumpa mtu yeyote. Kulikuwa na mgawaji mwingine ndani ya nyumba.

Alifuata kebo moja baada ya nyingine kutoka kwenye swichi. Katika chumba cha pili, kilichotengwa kwa wageni wa semina, alikuta ruta ndogo ya mawasiliano bila waya, imechomekwa kwenye tundu la ukutani. Aliyeileta alikuwa na nia njema. Alitaka wageni wenye kompyuta za mapajani wasihangaike na kebo. Lakini ruta ile, kama nyingi zinavyotoka kiwandani, ilikuwa na ugawaji wake wa anwani umewashwa. Kompyuta mpya ilipopaza sauti, ruta ilijibu. Ikaipa anwani, ikajitaja kuwa ndiyo mlango wa kutokea, na mlango huo haukuelekea popote.

Alipoeleza, Tata alitumia mfano wa nyumbani. Wenyeviti wawili wakigawa vibanja katika kitongoji kimoja, kila mmoja na daftari lake, wote wanaweza kuwa waaminifu na bado watu watapigana mipakani. Mgawaji sharti awe mmoja.

Tukachomoa ruta. Tukatarajia mambo yatengemae. Kompyuta mpya zilipowashwa tena, hali ilionekana mbaya kuliko mwanzo. Sasa zilikuwa na anwani zinazoanza na 169.254. Namba hizo hazitolewi na seva yoyote. Kompyuta hujipa yenyewe inapopaza sauti na kukosa wa kuijibu. Msimamizi alikasirika. Alisema fundi ameharibu, ruta irudishwe, kwani angalau nayo ilikuwa ikitoa kitu.

Nadhani hapo ndipo nilipoona kazi ya fundi ni nini hasa. Tata alisema: "Hapana, waitu. Mwanzo tulikuwa tunadanganywa. Sasa tunaambiwa kweli." Ruta ilikuwa imefunika ukimya wa seva. Makosa yalikuwa mawili, moja limelala juu ya jingine, na aliyeondoa la juu alionekana ndiye aliyeleta la chini. Nimeshuhudia mafundi wengi wakirudi nyuma katika hatua kama ile, wakirudisha kitu kibovu kwa sababu kukitoa kumeleta kelele.

Alikwenda kwenye seva yenyewe na kuikagua hatua kwa hatua, akinitaka niandike. Je, kadi ya ndani ya seva ina anwani yake? Inayo. Hilo ni la lazima, kwa kuwa mgawaji hapaswi kutegemea kugawiwa, na programu ile hukataa kabisa kufanya kazi kwenye kadi ambayo anwani yake haimo katika mtandao iliotangaziwa. Je, programu ya ugawaji inaendelea? Inaendelea. Je, sauti ya kompyuta mpya inaifikia? Akafungua faili la kumbukumbu za seva, akawasha kompyuta moja, na sote tukaona mstari ukijitokeza: ombi limepokelewa kutoka kadi fulani. Chini yake mstari mwingine: hakuna anwani iliyo wazi.

Basi waya ulikuwa mzima. Swichi ilikuwa nzima. Kompyuta za mtumba, zilizokuwa karibu kuhukumiwa bila kosa, zilikuwa nzima. Seva ilisikia, na ilikuwa ikikataa kwa sababu iliyoitaja wazi. Lakini sababu hiyo haikuingia akilini. Kompyuta za kundi la kwanza zilikuwa zimeondoka muda mrefu kuliko siku saba. Anwani zao zilipaswa kuwa zimerudi.

Tulikuwa bado tumesimama pale alipoingia mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi cha kahawa, mteja wetu wa siku zote aliyefuatilia bei. Alinijia kaunta na risiti mkononi. "Mwanangu," akasema, "siku ile mliniandikia mwaka wa nyuma sana. Wakaguzi wa chama wameikataa. Wanasema mimi nimeghushi." Nikaitazama. Risiti ilikuwa imechapishwa na programu ya malipo iliyokuwa kwenye seva ileile. Tarehe yake ilikuwa Januari 2002.

Nilimpelekea Tata ile karatasi. Aliitazama kwa muda, kisha akaandika amri moja kwenye seva kuuliza tarehe. Seva ikajibu: Januari 2002.

Alichotueleza baadaye nakiandika kwa ukamilifu, kwa kuwa ndicho kiini cha habari hii. Ndani ya kila kompyuta kuna saa inayotembea hata umeme ukizimwa, ikilishwa na betri bapa ya duara ya volti 3, nyingi huitwa CR2032: milimita 20 kwa upana, milimita 3.2 kwa unene. Betri ya seva yetu ilikuwa imekufa. Umeme ulipokuwapo wakati wote, hakuna aliyejua. Mgawo ulipoizima seva kabisa, saa ilisahau, na ilipowaka ikaanza tena kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Programu ya ugawaji ikafungua faili lake la mikataba na kukuta kompyuta za kundi la kwanza zimekodishwa anwani hadi mwaka 2006. Kwa saa yake, sasa ni 2002. Ikahesabu kwa uaminifu: mikataba hii bado miaka minne. Haikukosea hata kidogo katika hesabu. Kompyuta za zamani zilipoomba anwani zao zilezile, zilipewa, maana majina yao yalikuwa daftarini. Zilizokuja mpya ziliambiwa nyumba imejaa, na waliojaza nyumba walikuwa wapangaji waliokwisha kuhamia Isingiro na Kaisho.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Aliweka tarehe sahihi, akakumbuka kwamba faili lile huandika nyakati za Greenwich, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, ili asishtushwe na tofauti. Akaiwasha upya programu. Mikataba iliyopitwa na wakati ikafutika, akiba ikajaa, na kompyuta mpya zikapata anwani moja baada ya nyingine. Betri ilipatikana kwa fundi wa saa. Risiti ya mzee wa kahawa niliichapisha upya, na Tata mwenyewe akaandika barua kwa wakaguzi wa chama kueleza kwamba kosa lilikuwa la mashine na katibu wao ni mtu mkweli. Aliihesabu barua ile kuwa sehemu ya matengenezo.

Mabwana shamba walipata picha zao. Walikaa wawili wawili kwa kila kompyuta, wakinukuu kwenye madaftari. Mnyauko ulisambaa Kagera hata hivyo, na mashamba mengi yaliumia. Lakini najua vijiji ambako watu walianza mapema kuondoa ua dume kwa kijiti na kuchoma panga, kwa sababu bwana shamba wao alikuwa ameona kwa macho yake jambo linalomjia.

Baadaye Tata alibadilisha mambo matatu. Muda wa kukodisha aliupunguza kutoka siku saba hadi saa chache, kwa kuwa kituo ambamo kompyuta huja na kuondoka hakina haja ya mikataba mirefu. Kisha alipanga kwamba baada ya kila kukatika kwa umeme, mtu aangalie tarehe ya seva kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Seva iliweza kuuliza saa kutoka mtandaoni, lakini kwetu dishi lilichukua muda kupata setilaiti, na programu ya ugawaji ilikuwa imeshaanza kazi kabla ya hapo, ikiwa na saa ya uongo. La tatu lilikuwa daftari la karatasi, lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya seva. Ndani yake tuliandika kila kifaa chenye anwani ya kudumu, kila kifaa kinachoruhusiwa kugawa anwani, na kila tukio: lilionekanaje, tulipima nini, sababu ilikuwa nini.

Leo mkongo wa Taifa unaungana na Uganda pale Mutukula na Rwanda pale Rusumo, na kijana wa Murongo anafungua ukurasa kwa simu akiwa shambani. Dishi letu lilishushwa zamani. Hata hivyo nikipita kwenye shule au kituo cha afya nikasikia "mtandao umekataa", mara nyingi nakuta mambo yaleyale: kuna ruta ya pili iliyochomekwa na mwenye nia njema, au kuna seva iliyoamka baada ya kukatika kwa umeme bila kujua leo ni lini. Vitabu vya ufundi huandikiwa mahali ambapo umeme haukatiki, kwa hiyo jambo hili hulitaja kwa ufupi, au havilitaji. Sisi wa Karagwe na Kyerwa inatupasa kulijua kwanza.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoshika kazi hii sasa. Kompyuta ikikosa anwani, msianze kuifungua wala kumlaumu aliyeileta. Iulizeni imepewa namba gani na nani. Hakikisheni mgawaji ni mmoja. Tazameni tarehe ya seva kabla ya kitu kingine chochote. Mteja akija na risiti yenye mwaka usioeleweka, msimfukuze. Msikilizeni mpaka mwisho. Na mkishapata sababu, iandikeni kwenye daftari linalobaki ofisini, kwa sababu fundi huhama, hustaafu, na hufa, na kituo kinatakiwa kuendelea kufanya kazi kesho yake.